Mwaka wa Himaya Tano

Tulimwondolea kilio Monsieur Térence Jumamosi mchana, kwenye bustani ya hoteli moja ya mtaa wa Rohero, chini ya mahema meupe ya kukodi, na nyama ilikuwa nyingi kuliko huzuni. Kwetu ndivyo ilivyo: maiti huzikwa haraka, halafu baada ya miezi mingi watu hukutana tena, hunywa, huhutubu, na wafiwa hupewa ruhusa ya kucheka. Nilikaa meza ya wanafunzi wake wa zamani na soda yangu na mishikaki ya mbuzi, nikasikiliza hotuba moja baada ya nyingine. Alikuwa baba kwetu. Alitufundisha kutazama. Alipenda uhai. Kila aliyesimama alisema marehemu alipenda uhai, na mimi nilitafuna nyama kwa meno ya pembeni, maana ya mbele sina, nikijiuliza ni uhai wa nani hasa. Mwanamume mmoja mnene, ambaye zamani alikuwa akikaa benchi la mbele yangu, alinitambua akapiga makofi. "Protiste! Kumbe we uko muzima bado?" Nikamwambia niko mzima. Akawageukia wengine: "Huyu tulikuwa tunamuita Protiste, munakumbuka? Monsieur mwenyewe alikuwa anacheka!" Walikumbuka. Wakataja na majina mengine ya utani, ya waliokuwa pale na ya walioko Ulaya. Jina la Goreth hakuna aliyelitaja. Nami sikulitaja, kwa sababu sikutaka walitafune pamoja na mishikaki.

Mwaka ninaousema ni wa tisini na tano, mwaka niliosoma sayansi katika shule moja ya sekondari mjini, nikiwa na miaka kumi na saba. Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha yaliyobandikwa karatasi za gundi ili vioo visiturukie bomu likipasuka jirani. Palikuwa na darubini moja ya kutazamia vijidudu, nyoka wawili ndani ya chupa za dawa, na harufu ya dawa hiyo iliyotufuata mpaka chumba cha kulia chakula. Milio ya risasi kutoka mitaa ya kaskazini tuliisikia tukiwa darasani. Monsieur Térence alikuwa na desturi yake: risasi zikianza, alinyamaza na kuinua chaki hewani, akasubiri, zikikoma, aliendelea na sentensi ileile, pale pale alipoiachia, bila kurudia neno. Tulimwona shujaa. Leo nafikiri alikuwa mtu aliyekerwa na kelele tu. Alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi, mwenye ulimi wa wembe, na hakuna kitu alichokidharau kama mwanafunzi anayesema "nadhani".

Somo lake kubwa lilikuwa himaya tano za viumbe hai, na alilifundisha kana kwamba aliziumba yeye. Monera, vile vijidudu visivyo na kiini. Protista. Uyoga na kuvu. Mimea. Wanyama. Alichora makabati matano ubaoni, akasema dunia nzima inaingia humo, kuanzia kinachooza hadi askofu. Kisha akatupa onyo ambalo kila aliyepita mikononi mwake anaweza kulisema usingizini: umbo linadanganya, usiulize kiumbe kinaonekanaje, uliza kinakula nini na kinakula vipi. Mmea hujipikia wenyewe kwa jua. Mnyama humeza. Uyoga hutema maji yake juu ya chakula, husubiri kiyeyuke, halafu hunyonya. Watu wa kale waliutia uyoga kwenye mimea kwa sababu umesimama ardhini na haukimbii, akasema, na walikosea miaka mingi kwa sababu hawakuuchungulia mdomo. Darasa likacheka. Kuhusu Protista alisema ni kabati la takataka: ukipata kitu ambacho si mnyama, si mmea, si uyoga, na hujui ukiweke wapi, kitupe humo.

Haikupita wiki tukawa tumepangwa. Hakuna aliyetamka Mhutu wala Mtutsi darasani. Tulikuwa watoto wa shule nzuri, tulikuwa na adabu. Tulisema himaya. Wale wa mitaa iliyokuwa na nguvu mjini walijiita Wanyama, kwa kuwa wanyama wako juu na wanakula wengine. Waliotoka vilimani na mitaa ya kaskazini waliitwa Mimea, nao walielewa vizuri kwamba mmea kazi yake ni kukatwa. Waliokimbia makwao na kulala kambini wakaitwa Uyoga. Na sisi wa Buyenzi, Waislamu, Waswahili, tusiohesabiwa kokote, tukaitwa Protista. Nilikuwa msichana pekee mwenye mtandio darasani, kwa hiyo kabati zima lilikuwa langu. Monsieur Térence alisikia. Alitabasamu kwa pua, kisha siku moja akasema mbele ya wote, "Protiste, futa ubao," na tangu hapo hakuniita Hadija tena. Nilifuta. Nitasema ukweli, kuna siku nilifurahia jina hilo, maana watu wa makabati mengine walikuwa wanakufa na kabati la takataka lilikuwa halijafikiwa.

Siku hizi mimi mwenyewe nafundisha biolojia, na nikifika kwenye himaya nawaambia wanafunzi wangu kwamba wataalamu wameshaivunja ile ya Protista. Walipochunguza sana waliona viumbe wale hawana undugu wowote wa kuwaweka pamoja. Kilichowaunganisha ni uvivu wa aliyewapanga. Watoto wanaandika bila kuinua kichwa. Mmoja tu, mwaka jana, aliuliza, "Madamu, sasa wenyewe waliambiwa?" Darasa zima likamcheka. Mimi nikageuka nikafuta ubao.

Goreth alikuwa Mmea. Nyumba yao ilikuwa Carama, huko mashamba yanakoanzia, na ilikwisha kuteketea kabla ya Noeli. Watu wa nyumbani walikuwa wametawanyika, hajui nani yuko wapi. Mimi nililala bwenini kwa sababu ya ubaya wa njia, yeye kwa sababu hakuwa na pengine. Alikuwa na mwili mkubwa, mcheshi, mwenye kucheka kwa mabega, na alinichagua mimi niwe rafiki yake kwa sababu, alisema, benchi langu lilikuwa na nafasi. Ilikuwa kweli: benchi za Mimea zilikuwa zinabaki tupu moja moja, na hakuna mwalimu aliyeuliza. Mchana tulikula pamoja chumba cha kulia, maharage yenye mchanga na ugali wa muhogo, tukisikiliza mazungumzo ya meza jirani. Walikuwa wanaongea juu ya nani atafuata kama wanavyoongea juu ya mpira. "Ule wa Carama anafanya nini hapa bado?" msichana mmoja aliuliza, bila kushusha sauti. Mwenzake akajibu, "Wacha. Mmea haikimbii." Goreth aliendelea kutoa mchanga kwenye maharage kwa ncha ya kijiko, akaupanga pembeni mwa sahani. "Leo wamepika na cimenti," aliniambia. "Nikikufa, wanaweza kunijenga ukuta."

Katikati ya Ramadhani mkuu wa shule alitangaza kwamba bweni linafungwa, kila mtu aende kwao kesho yake mchana. Alisema "kwao" kwa urahisi kabisa. Goreth hakulia. Mimi ndiye niliyesema twende kwetu Buyenzi, Mama hatamkataa, na ndani ya Buyenzi hakuna atakayemgusa. Tatizo lilikuwa njia tu. Vijana wa mitaa walikuwa wameufunga mji, siku walizoziita ville morte, mji mfu, mawe na matairi kila njia panda. Kitambulisho cha Burundi hakiandiki kabila, kwa hiyo kuua kulihitaji kufikiri: walitazama pua, walipima urefu, waliuliza mtaa. Kule Kinama na Kamenge, mitaa ya kaskazini, vijana wa upande wa pili walikuwa na matairi yao na maswali yao. Lakini Waswahili pande zote mbili waliwaacha wapite. Basi ilibidi Goreth awe Mswahili kwa mwendo wa barabara chache.

Tulifanyia mafunzo kwenye bafu la bweni, mlango umefungwa kwa ndoo. Nilimfunga mtandio wangu wa akiba, nikamwonyesha namna ya kuuvuta ukilegea bila kufikiri, maana mtu asiyezoea huushika kama mzigo. Nilimfundisha salamu na majibu yake. Nilimfundisha Alhamdu, lakini alishika aya za mwanzo tu. Zilizofuata zilimchanganya, tukaamua akiulizwa atasema ameona haya. Kisha akauliza juu ya kufunga. Nilimwambia tangu alfajiri hakuna kula, hakuna kunywa. "Na mate?" aliuliza. "Mate mi nameza?" Nikamwambia mate yako mwenyewe unameza. "Eh, Mungu yenu iko na huruma kumbe." Tulicheka mpaka ikabidi tujiume mikono. Asubuhi ya safari alifunga kweli, kuanzia alfajiri, bila tone la maji, midomo ikamkauka vizuri. Mimi nilikuwa sifungi. Nilikuwa kwenye siku zangu, na mwanamke aliye kwenye siku zake hafungi, hulipa baadaye. Ni jambo ambalo kila nyumba ya Kiislamu inalijua na hakuna anayelisema mbele ya wanaume. Tunakula jikoni, kwa kujificha, tunafuta midomo. Goreth nilimwambia. Alitoa kikaratasi chake cha mwisho cha karanga, akanitia mkononi. "Kula we. Leo mi ndiyo Muislamu." Nilikula nusu, nyingine nikazitia kwenye mkoba.

Tulipita nyuma ya maduka ya Asiatique, mtaa wa Wahindi, yote yamefungwa, barabara tupu, mvua ya asubuhi bado imesimama kwenye mashimo. Kizuizi kilikuwa njia panda ya mwisho kabla ya Buyenzi, na nyumba za kwetu tuliziona kwa macho. Walikuwa vijana saba au wanane. Mkubwa wao alikuwa na shati lililopigwa pasi na panga alilolishika kwa chini, upole, kama mtu anayetoka shambani. Aliuliza majina. Goreth akasema Mariamu. Mimi nikasema Hadija. "Siku hizi kila mutu anaitwa Hadija," akasema, na wenzake wakacheka. Akafungua mkoba wangu, akaona kitabu cha biolojia, akakifunua, na uso wake ukabadilika, ukawa wa kijana aliyekutana na ndugu. "Nani anawafundisha? Bado ni Térence?" Nikasema ndiyo. "Le vieux Térence! Mi nilisoma kwake. Anasema nini siku zote? Umbo inadanganya." Alisubiri nimalizie. Nikamalizia, kwa sauti ndogo: uliza kinakula nini. "Voilà," akasema. Akatia tena mkono ndani ya mkoba, akatoa karanga.

Hakukasirika. Hilo ndilo ninaloliota mpaka leo, kwamba hakukasirika, alifurahi kama mwanafunzi aliyepewa swali analolijua. Alimnyooshea Goreth karanga. Goreth akageuza uso, akauvuta mtandio wake kama nilivyomfundisha. "Apana, kaka. Mi nimefunga." Akamwambia afungue mdomo, ampulizie. Akainama akanusa pumzi yake, karibu kabisa. Kisha akanifanyia mimi vilevile, na mdomo wangu ulinuka karanga. Akasimama wima akawaeleza wenzake, polepole, kwa Kifaransa kizuri cha darasani: huyu mkubwa ana mdomo wa mtu aliyefunga, ni Muislamu wa kweli; huyu mdogo anakula mchana wa Ramadhani, basi mtandio ni umbo tu. Akamvuta Goreth kulia na mimi kushoto. Halafu akamuuliza Goreth, "Dada, huyu unamujua?"

Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu yote. Nikisoma Kurani kuthibitisha, na Goreth ataambiwa asome. Nikisema niko kwenye siku zangu, kwanza ulimi ulikataa, mbele ya wanaume wale. Na pili, nikiwa mimi ni wa kweli, ataulizwa tena yeye ni nani. Kwa hiyo nilinyamaza, na ndani ya moyo wangu nilimsihi Goreth aseme hapana. Aseme hapana aende. Goreth alinitazama. "Apana," akasema. "Tumekutana ku njia." Ndilo neno nililoliomba, na alipolisema nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilimtazama akienda na mtandio wangu, mwendo wa taratibu, akakata kona ya gereji, na nikafikiri: sasa atafika kwetu, atafuturu kwa sahani yangu, atalala kwenye mkeka wangu. Nilimtakia mabaya. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Asiyewahi kusimama pale asiniambie nilipaswa kuhisi nini.

Nilisubiri mpaka nikaamini amefika. Wakati huo walikuwa wamenipigisha magoti kwenye maji ya mvua na wanabishana kuhusu mahali pa kunimalizia. Hapo ndipo nilipoanza kusoma, kwa sauti, Alhamdu yote, nikaunganisha na Ayatul Kursi, nikaendelea na kila sura niliyoijua. Yule mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. "Hata kasuku inasoma," akasema. "Mi nimekwisha kukupanga." Nikaelewa kwamba hakuna nitakalosema litakaloingia tena. Akanipiga mdomoni kwa mpini wa panga, mara moja, kwa sababu mdomo ndio uliokuwa ushahidi. Meno yalitoka na damu nyingi, na kijana mmoja akaruka nyuma ili asichafue viatu.

Ndipo alipotokea fundi Kassimu, mwenye gereji ya pale kwenye kona, mtu wa makamo, ovaroli imejaa grisi, anakimbia na mikono juu. Alifoka kabla hajafika. "Huyu mutoto ni wa Buyenzi! Mi namujua baba yake! Yuko ku siku zake, nyinyi wajinga! Mwanamuke wa siku zake hafungi! Kwenu hakuna mama? Hakuna dada?" Alilisema neno lile mbele ya barabara nzima, na nilitamani ardhi inimeze, nikiwa hivyohivyo na damu mdomoni. Vijana walitazamana, kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, kile kicheko cha wavulana wakisikia mambo ya wanawake. Wote isipokuwa yule mkubwa. Yeye alikuwa anafikiri. Nilimwona akifikiri, chaki hewani, kama mwalimu wake. "Basi," akasema polepole, "kama huyu ndiye wa kweli, ule mwingine ni nani?"

Fundi Kassimu alikuwa amekwisha kuninyanyua. Niligeuza uso kuelekea Buyenzi, nikamwona Goreth amesimama mlangoni mwa gereji, mtandio umemshukia mabegani. Aliponiona nimesimama kwa miguu yangu aliinua mkono. Wakamwona na wao. Hakukimbia mbali, mwili ule haukuwa wa kukimbia, na tangu alfajiri hakuwa amekunywa hata tone. Walimpitisha karibu nasi. Yule mwenye panga alimwambia asome, naye akasoma aya zile tulizozishika bafuni, sauti nzuri kabisa, akafika pale tulipokuwa tumeishia akanyamaza. Wakampeleka nyuma ya ukuta wa maghala. Fundi Kassimu alinibana uso kifuani mwake, kwenye grisi, akaziba na sikio langu kwa kiganja, lakini sikio la pili lilibaki wazi.

Mama alitupokea mlangoni akauliza mwenzangu yuko wapi. Nilikuwa nimemtumia ujumbe tangu jana yake, kwa mtu wa Buyenzi, kwamba tutakuja wawili. Walinilaza, wakaniwekea kitambaa cha maji ya chumvi mdomoni, na fundi Kassimu akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, hajafuturu, tende iko mkononi mwake hailiwi. Mdomo ulikuwa umevimba, lakini lilikuwepo jambo moja lililonikaba kuliko damu, na nikalisukuma nje neno kwa neno mpaka akanielewa. Nilitaka kujua nani alimwambia kwamba niko kwenye siku zangu.

"Si ni mwenzako," akasema. "Aliingia mu garage anakimbia, akanikamata mukono. Akasema, Baba, kimbia uwaambie Hadija yuko ku siku zake, wewe watakusikia, wewe ni mutu mukubwa. Nikamwambia sawa, lakini we shuka mu shimo ya chini ya gari, nikufunike na turubai, maana nikiwaambia hivyo watarudi kukutafuta. Akasema anajua." Fundi Kassimu aliigeuza ile tende. "Nikamwambia tena, shuka. Akakataa. Akasema kwanza atasimama ku mlango, aone kama umetoka."